Nondo wa Mchana na Mti Wake

Watu wengi wakisikia neno nondo hukumbuka mdudu wa rangi ya majivu, azungukaye taa usiku hata akaungua. Wengine hukumbuka yule aharibuye nguo sandukuni. Kwa hiyo nondo hana sifa njema, wala hapana watoto washindanao kumtazama. Kipepeo ndiye asifiwaye, maana ana rangi nzuri na hutembea mchana. Lakini katika misitu ya Usambara, na ya pwani, na ya Unguja, yuko nondo mmoja ambaye akiruka juani ni vipepeo wachache wawezao kumshinda kwa uzuri. Habari zake zastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa nchi ile. Wala si kwa ajili ya uzuri wake tu, bali kwa sababu maisha yake yafundisha jambo kubwa juu ya misitu, ya kuwa kulinda msitu mmoja peke yake hakutoshi.

Nondo huyu wataalamu humwita Chrysiridia croesus. Jina la croesus alipewa na Mjerumani mmoja, Gerstaecker, mwaka 1871. Croesus alikuwa mfalme wa zamani sana wa Lidia, nchi iliyokuwa mahali palipo Uturuki ya leo, naye alisifiwa kwa wingi wa dhahabu yake. Jina hili lamfaa nondo yule. Mabawa yake ni meusi yenye milia ya kijani ing'aayo, na mabawa ya nyuma yana rangi za dhahabu na shaba. Akigeuka kidogo, rangi hugeuka pamoja naye, kama shingo ya njiwa au povu la sabuni lionekanavyo juani.

Anaye ndugu yake katika kisiwa cha Bukini, ndiyo Madagaska, ambaye amechunguzwa zaidi. Mwingereza Drury alipoandika habari za ndugu huyo mwaka 1773 alimhesabu kuwa kipepeo, tena akadhani ametoka Uchina. Wala si ajabu kukosea, maana nani angefikiri kuwa nondo huvaa mavazi kama yale? Lakini ziko dalili. Kipepeo ana vipapasio viwili kichwani vyenye kifundo kwenye ncha, mfano wa kijiti cha kiberiti. Nondo hana kifundo hicho. Baadaye wanawake matajiri wa Ulaya waliyatumia mabawa ya nondo wa Bukini kuwa mapambo, kama watu watumiavyo vito. Lakini rangi zile si rangi za kupakwa. Mabawa yamefunikwa na magamba madogo mno kama vumbi, na umbo la magamba hayo huugawa mwanga wa jua na kuurudisha machoni kwa rangi mbalimbali.

Hayo ndiyo yaonekanayo. Lakini mtu hajui habari za mdudu mpaka ajue alipozaliwa na alichokula utotoni. Nondo huyu mzima hunywa maji matamu ya maua, wala hachagui sana. Kule Bukini wameonekana wakinywa katika maua ya miembe, na ya mikaratusi, hata katika maua ya chai. Basi mtu akimwona nondo juu ya mwembe wake aweza kusema, "Mdudu huyu hana haja ya msitu, shambani kwangu anapata riziki yake." Naye atakuwa amekosea sana, kwa maana amemwona mgeni mezani akadhani kuwa amemjua na kwao.

Kwao nondo huyu ni mti mmoja tu. Wataalamu huuita omfalea, na aina iliyopo Tanzania huitwa Omphalea mansfeldiana. Nondo wa Bukini hutaga mayai yake katika majani ya mti huo, na mayai yakianguliwa hutoka viwavi weupe kama manjano, wenye madoa meusi na miguu myekundu. Kiwavi akitikiswa akaanguka, hafiki chini. Hutoa uzi mwembamba wa hariri mdomoni, akaning'inia, kisha akaupanda tena kurudi katika jani lake. Akiisha kukua hujifumia kifukofuko cha nyuzi zenye nafasi kama wavu, akalala ndani yake, na hata atokapo ana mabawa. Katika siku zote za kula kwake hali jani lingine. Mpe jani la muhindi, hali; mpe jani la mgomba, hali; atakufa kwa njaa juu ya chakula cha wengine.

Mti wa omfalea ni wa jamaa moja na muhogo, na mbono, na mpira. Watu wa Usambara na Bonde wajua vema tabia ya jamaa hiyo. Muhogo mchungu una sumu, na mbegu za mbono zina sumu, na asiyejua namna ya kuzitengeneza ataumia. Omfalea nao una sumu yake katika majani. Wadudu wengine huuepuka, bali kiwavi wa nondo huyu amezoea. Hula majani pamoja na sumu, akaiweka mwilini, na sumu hiyo hudumu hata akiwa nondo mzima. Ndiyo sababu aweza kuruka mchana mweupe mbele ya ndege, na rangi zake zote zikimeta. Rangi hizo ni onyo: ndege aliyeonja mara moja hatamani kuonja tena. Kwa hiyo mti huu ni chakula cha nondo, tena ni silaha yake.

Lakini mti nao haukubali kuliwa bure. Katika Marekani ya Kati wako nondo wa jamaa hiyo hiyo, nao viwavi wao hula omfalea wa kwao, ambao ni mmea utambaao juu ya miti mikubwa. Mmea huo hutoa matone matamu, na sisimizi na nyigu huja kuyalamba. Wakimkuta kiwavi humshambulia. Mwaka 1983 mtaalamu Neal Smith, aliyefanya kazi Panama miaka mingi, aliandika maelezo yake juu ya safari za nondo hao. Yeye alisema ya kuwa mimea ikiisha kuliwa sana, vizazi kadhaa mfululizo, majani yake huzidi sumu hata viwavi wenyewe hawayawezi. Ndipo nondo huondoka kwa maelfu, wakavuka mito na milima kutafuta omfalea wengine waliopumzika. Miaka ikipita, na mimea ya kwanza ikapoa, wengine huweza kurudi.

Huko Bukini pia nondo husafiri, ila kwa sababu nyingine. Upande wa magharibi wa kisiwa ziko aina tatu za omfalea zimeazo katika misitu mikavu, nazo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Upande wa mashariki, penye mvua nyingi, iko aina ya nne isiyopukutisha. Basi majani yakiisha magharibi, nondo hawana budi kuelekea mashariki. Msitu wa mashariki ukikatwa wote, nondo wa magharibi watakufa, ingawa miti yao ya magharibi haijaguswa na shoka. Na msitu wa magharibi ukiteketea, wa mashariki nao utapungukiwa. Misitu hiyo miwili ni kama nyumba mbili za mzee mmoja. Ukiichoma moja, umeunguza nusu ya maisha yake.

Hapa ndipo habari za nondo zinapogeuka kuwa habari za Usambara. Zamani milima ile ilivikwa misitu mikubwa toka Amani hata Lushoto na Shagayu, na bonde la Lwengera katikati yake. Kisha yakaja mashamba ya kahawa zamani za Wajerumani, na baadaye ya chai, na vijiji vikaongezeka, na miti mikubwa ikapasuliwa mbao. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashine za kukata miti ziliingia hata katika misitu ya Usambara Mashariki. Leo misitu iliyobaki ni kama visiwa katika bahari ya mashamba. Baadhi ya visiwa hivyo vimelindwa vema. Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, yenye hekta zaidi ya 8,000, na zimefuata hifadhi nyingine, kama Nilo, na Magamba karibu na Lushoto. Hiyo ni kazi njema, nayo yastahili shukrani.

Lakini nondo wa mchana hasomi mbao zilizoandikwa "Hifadhi". Yeye huhitaji omfalea wa hapa, na omfalea wa kule, na njia ya kufikia. Vipande vidogo vya msitu vilivyobaki kando ya mito, katika makorongo, na juu ya vilele vya vilima ndivyo vituo vyake njiani. Vipande hivyo havimo katika ramani kubwa, wala hapana mlinzi avilindaye. Mtu mmoja hukata kidogo apate kuni, wa pili hufyeka kidogo apate kupanda maharage, wa tatu huchoma kidogo apate majani ya mbuzi. Hakuna hata mmoja wao aliyekusudia kuua nondo. Lakini wahenga walisema, "Chovya chovya yamaliza buyu la asali." Siku moja nondo atatoka katika msitu uliochoka, ataruka kutwa, wala hataona mti wa kutaga mayai. Na hapo hakuna kelele itakayosikika, wala moshi utakaoonekana.

Mtu aweza kujibu, "Kiwavi ni adui wa mkulima. Viwavi wamekula mahindi yetu; wakipungua si hasara." Neno hili lataka kupimwa kwa makini, maana hasara ya mkulima ni hasara ya kweli. Viwavijeshi hula mahindi, na mtama, na mpunga, na majani ya malisho. Na tangu mwaka 2017 wamejulikana Tanzania viwavijeshi wageni waliotoka Marekani, wenye kuharibu zaidi. Hao yafaa wapigwe vita. Lakini si kila kiwavi ni mwivi. Yule alaye mimea mingi ndiye awezaye kuhama toka porini akaingia shambani. Yule alaye mti mmoja tu hawezi kumdhuru mkulima hata akitaka. Na tazama jinsi mambo yalivyopinduka: kiwavi mwenye madhara ni vigumu kummaliza, kwa sababu akikosa hiki hula kile, bali kiwavi asiye na madhara ni rahisi mno kummaliza, kwa sababu yatosha kukata mti wake.

Wa pili atasema, "Mti wenyewe una faida gani? Haujulikani sokoni kwa mbao, wala haupandwi bustanini." Basi, watu wa Usambara wana sababu ya kujihadhari na swali hili. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga, aliona mmea mdogo wenye maua ya zambarau, uliomea katika nchi hiyo. Alipeleka habari zake kwao, na leo maua ya jamaa ile hupandwa katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na huuzwa kwa fedha nyingi. Lakini wenyeji waliopita kando yake kila siku hawakupata kitu, na aina nyingine za maua yale zimekuwa adimu kwao zilikotoka. Kutojua faida ya kitu si ushahidi kwamba hakina faida. Tena hata kama mwanadamu hatapata kamwe faida ya omfalea, yuko anayeipata, naye hana mti mwingine.

Wa tatu atasema, "Watoto wangu hawali nondo. Nipe shamba." Huyu ndiye mwenye neno zito kuliko wote, wala haifai kumnyamazisha. Mfano uko Derema. Msitu wa Derema uko kati ya misitu ya Amani na ile iliyo kaskazini yake, na wenyeji walikuwa wakipanda iliki chini ya miti. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mtu akitazama kwa mbali aliona msitu mzima. Lakini chini miche ya miti ilikuwa ikifyekwa, na msitu usio na miche ni kama mji usio na watoto. Katika miaka ya 2000 ilikatwa shauri kwamba Derema iwe njia ya kuunganisha misitu ile, ili wanyama, na ndege, na wadudu wapate kupita. Wakulima zaidi ya 1,000 walilipwa fidia wakaacha iliki zao. Wengi wao walinung'unika kwamba malipo hayakulingana na hasara.

Shauri la kuunganisha misitu lilikuwa shauri la haki kwa msitu. Lakini njia ya nondo haifai kujengwa juu ya njaa ya jirani. Mtu aliyenyang'anywa chakula chake kwa ajili ya msitu ataupita msitu huo kila siku kwa uchungu, na mlinzi mmoja hawezi kuwaangalia watu mia wenye uchungu. Bali mtu aliyelipwa kwa haki, akapata shamba lingine, huwa mlinzi bila kuvaa sare. Kwa hiyo wapendao misitu hawana budi kupenda haki vile vile. Mambo hayo mawili hayatengani.

Tena iko njia ya kuufanya mmea wa porini uwe rafiki wa mkulima. Mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kufuga vipepeo katika vijiji vya karibu na msitu wa Amani. Watu walikamata vipepeo wachache, wakawatia katika vyumba vya wavu, wakakusanya mayai, wakalea viwavi. Viwavi walipojigeuza na kulala ndani ya maganda yao, waliuzwa Ulaya na Marekani katika mabustani ya maonyesho. Lakini kazi iliyotangulia yote ilikuwa kutafuta mmea uliwao na kila aina ya kiwavi, na kuupanda karibu na nyumba. Mmea ambao jana uliitwa gugu, leo ulitiliwa mbolea. Wanaume kwa wanawake walijua kwa majina mimea ambayo baba zao waliifyeka bila kuitazama. Mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, soko lile lilifungika, na wafugaji wakapata hasara. Fedha ilikatika, lakini mafunzo hayakukatika, ya kuwa atakaye mabawa sharti aanze na jani.

Basi lipo nini la kufanywa na mwanafunzi wa Lushoto, au wa Soni, au wa Muheza, ambaye hana shoka wala cheo? Kwanza ni kujua. Mtu hawezi kukihifadhi kitu asichokijua. Wazee wa Usambara wana majina ya miti ambayo hayajaandikwa katika vitabu vyote, na majina hayo hufa pamoja nao. Mtoto akienda na babu yake porini, amwulize jina la mti kwa Kisambaa, na ni nani aulaye, na humea wapi. Kisha aandike katika daftari. Amani palikuwa na kituo cha wataalamu tangu mwaka 1902, na Mwingereza C. B. Williams, aliyefanya kazi hapo miaka ya mwisho ya 1920, ni mmoja wa watu waliojulikana sana kwa kuchunguza safari za vipepeo. Alitoa kitabu juu ya habari hizo mwaka 1930. Kazi yake ilianza kwa kutazama, na kuhesabu, na kuandika tarehe. Hayo hayashindi nguvu za mtoto wa shule.

Pili ni kuacha. Ukanda wa miti kando ya mto usifyekwe, maana huo ndio njia ya wengi, tena ndio hushika udongo na kutunza maji. Maji ya mto Zigi hutoka katika misitu ya Usambara Mashariki na kunywewa na watu wa mji wa Tanga, ambao wengi wao hawajapata kuuona msitu huo. Korongo lisilofaa kulimwa liachwe na miti yake. Na kiwavi asiyejulikana, aliye juu ya mti wa porini, asipondwe kwa jiwe kwa sababu tu ni kiwavi.

Faida ya kufanya hivyo haitaonekana kesho. Lakini miaka ikipita, huenda mtu akisimama juu ya kilima cha Usambara asubuhi, jua likiisha kupanda, ataona nondo weusi wenye dhahabu wakipita mmoja mmoja, kisha kumi kumi, kisha wengi. Watakuwa wanatoka msitu mmoja kwenda wa pili. Nao watafika tu ikiwa kila kilima walichokipita kimewaachia mti.